Dada kaondoka, deikea inafunga saa kumi na moja na bosi anakusubiri: mwongozo wa mzazi mwenye kazi Dar

Jumatatu moja saa kumi na moja kasorobo alfajiri niliingia chumba cha watoto kumuamsha dada wa kazi, nikakuta godoro lake limesimamishwa ukutani, shuka limekunjwa vizuri kabisa kama la gesti, na funguo ya geti ipo juu ya shuka. Begi hakuna. Simu haipatikani. Sisi tunakaa Mbezi, stendi ya Magufuli kwetu ni mwendo wa bajaji tu, kwaiyo mpaka mi nafungua ule mlango nadhani dada alishakaa siti ya dirishani anaelekea kwao. Mdogo alikuwa na miezi tisa, mkubwa miaka minne, baba watoto yuko Mwanza kikazi, na mi saa tatu natakiwa niwe Posta kwenye kikao nilichokiandaa mwenyewe. Nikakaa kitandani na soksi moja ya mtoto mkononi nikalia kama dakika tano hivi, afu nikanyonyesha, nikavuka barabara kwenda kumpigia magoti mama wa genge.

Ni miaka miwili sasa na mengi nimejifunza kwa kuumia. Naandika hapa hatua ambazo sisi tunazifuata, chukua zinazokufaa, maana nyumba hazifanani na mishahara haifanani.

Hatua ya kwanza: andika masaa, pesa baadae

Wengi tunaanza na swali la dada analipwa shingapi na deikea ni shingapi. Weka hilo pembeni kwanza. Chukua daftari la mtoto la kuchorea, andika siku moja ya kawaida kuanzia unapotoka nyumbani mpaka unaporudi, na pembeni ya kila saa andika mtoto yuko na nani. Jina la mtu.

Mimi nilipoandika ya kwangu nilishtuka. Natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, daladala mpaka Kimara, pale foleni ya mwendokasi, nafika Kivukoni natembea mpaka ofisini. Kazi mpaka saa kumi na moja jioni. Nyumbani naingia saa moja usiku siku njema, saa mbili siku ya mvua. Hayo ni masaa kumi na tatu mtoto hanioni, wakati kwenye kichwa changu siku zote nilikuwa nahesabu "masaa nane ya kazi". Foleni ya Dar ni kazi ya pili isiyo na mshahara, na ndo inayoamua unahitaji mlezi wa aina gani.

Ukishaandika utaona mashimo, yaani zile saa ambazo pembeni hakuna jina, au kuna jina ila ukijiuliza vizuri huyo mtu hujawahi hata kumuomba. Kwetu shimo kubwa lilikuwa saa kumi na moja jioni mpaka saa moja. Deikea ya mkubwa inafunga, mi niko njiani. Kwa miezi mingi dada mmoja alikuwa anambeba mdogo mgongoni anaenda kumfuata mkubwa, anarudi, anapika, anaogesha, afu mi naingia nauliza mbona vyombo havijaoshwa. Ukiona shimo usilizibe hapo hapo. Endelea na wiki nzima, maana Jumamosi ina mashimo yake, na siku ya kliniki ina ya kwake.

Hatua ya pili: chagua mlezi mkuu kwa umri wa mtoto

Mtoto chini ya mwaka kama una uwezo wa kumuweka nyumbani na mtu mmoja muweke, hata kama ni chumba na sebule. Deikea nyingi za mtaani zinapokea watoto wakishaanza kutembea au kusema, na zile zinazopokea wa miezi mitatu kaziangalie kwa makini mara mbili. Kuanzia miaka miwili na nusu mitatu deikea inamsaidia mtoto kuliko kukaa na tivii siku nzima, na wewe unapumua kidogo maana kuna watu wazima wengi wanaomuona.

Bibi ni dhahabu, lakini muulize. Sisi Waswahili tunamletea bibi mtoto kama vile tunamletea sukari, hatuulizi. Mama yangu ana presha na magoti, alikubali miezi mitatu kwa mapenzi, mwezi wa nne nikamsikia anamwambia shangazi kwenye simu kwamba mgongo unakatika ila atasemaje. Kama bibi ndo mlezi wako mkuu mpe msaidizi wa kubeba na kufua, mpe hela ya matumizi yake mwenyewe tofauti na ya maziwa, na umwambie mwisho ni lini.

Hatua ya tatu: dada wa kazi, na hapa nitakaa muda mrefu

Yule dada wa Jumatatu nilikuja kuongea nae baada ya wiki tatu, alipiga mwenyewe kuulizia watoto. Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Akaniambia kwa upole tu, "Mama, mi tangu nimefika sijawahi kutoka hata siku moja." Nikahesabu. Miezi minne na nusu. Na mshahara wake nilikuwa namtumia shangazi yake aliyemleta, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana na shangazi. Yeye hakuwahi kuulizwa. Na kipindi hicho hicho mi nilikuwa nalalamika kwa kila mtu kwamba bosi wangu ananipigia simu Jumapili.

Kwaiyo ukimtafuta dada, fanya haya.

Umri kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na wa 14 mpaka 17 ni kazi nyepesi tu isiyomuumiza wala kumkosesha shule. Kulea mtoto mchanga masaa kumi na tatu peke yake sio kazi nyepesi, wewe mwenyewe unajua, kwaiyo mi naanzia miaka 18 na naomba kitambulisho cha NIDA au barua ya serikali ya mtaa anakotoka. Dalali akikuambia "ana kumi na tisa ila mwili mdogo", muulize binti mwenyewe amemaliza darasa la saba mwaka gani, hesabu utaifanya kichwani.

Ongea na mzazi wake kwa simu, bila dalali katikati. Dakika kumi zinatosha, utajua mengi.

Andikeni makubaliano. Karatasi moja ya kawaida: mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi, kazi zipi ni zake na zipi sio zake, siku ya kupumzika ni ipi, likizo lini na nauli nani analipa. Asaini, usaini, kila mtu abaki na nakala. Kuna kima cha chini cha mshahara cha serikali kwa wafanyakazi wa majumbani pia, na hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kaulize kilichopo sasa ofisi ya kazi usije kuwa unalipa cha zamani. Sheria hiyo hiyo inayokupa wewe likizo ya siku 28 kwa mwaka na mapumziko ya masaa 24 kila wiki inamhusu na yeye. Watu wakisikia hivi wanacheka, "eti likizo ya hausigeli", wakipata mwingine wa tano ndani ya mwaka mmoja hawacheki tena.

Mshahara umfikie mkononi au kwenye laini yake. Kama anataka kutuma nyumbani atatuma mwenyewe.

Tenganisha mtoto na nyumba. Hii ndo ilibadilisha kila kitu kwetu. Nilimwambia dada wa sasa: mimi nikirudi nikikuta mtoto ameshiba, msafi na mzima, nyumba ikiwa imevurugika sitasema neno. Na sisemi kweli, kuna siku naruka midoli na sufuria mpaka jikoni, nanyamaza. Nguo kubwa anakuja mama mmoja wa mtaani Jumamosi kufua, namlipa kwa beseni. Dada mwenye kazi kumi atamkalisha mtoto mbele ya katuni ili amalize kudeki, na hata mi ningefanya hivyo hivyo.

Wiki ya kwanza usiende kazini. Najua, siku za likizo ni chache, ila zitoe hapa. Siku mbili yeye anakuangalia wewe, siku mbili wewe unamuangalia yeye, siku ya tano toka asubuhi rudi saa sita bila kusema. Muoneshe jiko la gesi linavyozimwa mpaka kwenye mtungi, ndoo ya maji inawekwa wapi (ndoo yenye maji na mtoto anayetambaa havikai chumba kimoja hata dakika moja), mafuta ya taa na dawa za choo zinakaa juu. Muoneshe mtoto akipaliwa anafanywaje. Usiseme "anajua tu, si amelea wadogo zake".

Kuhusu kamera, kuna wanaozifunga, sikatazi. Mi niliifunga nikajikuta naangalia simu kila dakika ishirini ofisini, stresi ikaongezeka badala ya kupungua, nikaitoa. Ukiifunga mwambie dada ipo. Cha kuangalia kweli ni mtoto: anamkimbilia dada au anaganda akimuona? Ana alama ambazo hazina maelezo? Amekuwa anashtuka usingizini ghafla? Ukiona dalili za kutisha, namba ya msaada kwa watoto ni 116, kupiga ni bure.

Hatua ya nne: deikea, nenda saa mbaya

Usiende kuiangalia deikea saa tatu asubuhi, saa hiyo kila mtu kapaka mafuta. Nenda saa saba mchana watoto wakila au saa nane wakilala, na jioni karibu na kufunga. Kaa tu getini usikilize. Kilio cha mtoto kipo kila mahali, sikiliza kinachofuata baada ya kilio.

Omba kuona cheti cha usajili. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii, na kila manispaa ina afisa ustawi wa jamii ambaye unaweza kumuuliza kama kituo fulani anakijua. Hata ukiwa Ilala, ambayo sasa ni Jiji, au Kigamboni, ofisi ipo. Kuna vingi vimefunguliwa sebuleni kwa mtu, vingine vina mama mwenye roho nzuri kuliko hivyo vyenye picha za Mickey Mouse ukutani, lakini bila usajili hakuna anayekuja kukagua choo.

Nenda chooni. Hesabu watoto, hesabu walezi, gawanya. Uliza nani anaruhusiwa kumchukua mtoto na wanahakikishaje. Mi ya kwangu nilituma mtu wa boda kwa makusudi kumchukua mkubwa (boda ninayemjua, na mtoto asingepanda), wakamkatalia wakanipigia simu, nikalipa ada ya muhula mzima siku hiyo hiyo. Uliza mzazi akichelewa inakuwaje. Ile yetu wanatoza buku mbili kwa kila nusu saa baada ya saa kumi na moja, na niliifurahia sana hiyo sheria, maana kabla ya hapo nilikuwa nachelewa afu naomba msamaha kila siku mpaka aibu.

Basi la shule liangalie peke yake. Mtoto wa miaka minne kuchukuliwa saa kumi na moja alfajiri azungushwe mtaa mpaka mtaa mpaka saa mbili, hapana kwa kweli. Deikea ya karibu na nyumbani yenye madarasa ya kawaida inaishinda yenye jina iliyo mbali.

Hatua ya tano: unaporudi kazini na mtoto bado ananyonya

Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kama umejifungua mapacha. Kliniki wanakuambia maziwa ya mama pekee miezi 6. Piga hesabu, kuna zaidi ya miezi mitatu hapo katikati ambayo hakuna aliyekuandalia.

Kilichopo kisheria ni hiki: mwajiri anatakiwa amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kunyonyesha muda wa kazi, mpaka masaa mawili kwa siku. Kutoka Posta kwenda Mbezi kunyonyesha na kurudi ni kichekesho, kwaiyo wengi tunaomba tutoke masaa mawili mapema. Omba kwa maandishi kabla hujarudi kazini, ukiwa bado nyumbani, na taja sheria kwa upole. Mi kwa mtoto wa kwanza niliomba kwa mdomo, msimamizi wangu akasema sawa, akahamishwa, aliyekuja akasema haijui hiyo habari.

Kukamua anza wiki mbili tatu kabla. Pampu ya mkono inatosha, na ukizoea mkono mtupu unatosha pia. Nilikuwa nakamulia stoo, katikati ya maboksi ya karatasi za printa na feni mbovu, mlango nimeubana na kiti, saa nne na saa nane. Chupa safi yenye mfuniko, tarehe na saa kwenye plasta, inaingia kwenye kibegi cha baridi chenye barafu. Humo yanakaa mpaka masaa 24 kama barafu haijayeyuka. Kwenye friji siku 4. Nje kwenye joto la kawaida mwisho ni masaa 4, lakini hayo ni ya joto la nyuzi 25, na Dar ya Januari nani ana nyuzi 25 jikoni? Usiyaache nje. Kupasha weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, sio kwenye jiko, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yasirudishwe kwenye friji.

Mfundishe dada kulisha kwa kikombe kidogo kisafi badala ya chuchu. Kikombe kinaoshwa kikaoshika, chuchu ya chupa ina kona za kuficha uchafu na ndo kuharisha kunakoanzia.

Hatua ya sita: mtu wa pili na mtu wa tatu

Hapa ndo nilipoanguka ile Jumatatu. Nilikuwa na mtu mmoja. Kila mzazi mwenye kazi Dar anahitaji watatu: mkuu, wa akiba kwa siku moja, na wa akiba kwa wiki nzima. Hawafanani. Mama wa genge anaweza kukaa na mtoto mpaka mchana, hawezi wiki. Mdogo wangu anaweza kuja kutoka Morogoro kukaa wiki, ila hawezi kufika leo saa moja asubuhi.

Wa akiba mlipe. Hata kama atakataa, mpelekee mchele, muungishe genge lake. Na mtoto amzoee kabla ya shida. Mtoto wangu Jumamosi moja moja anashinda pale gengeni anakula ndizi na kuuza nyanya za kufikirika.

Bandika karatasi kwenye mlango wa friji, karatasi kabisa, maana simu inaisha chaji na umeme unakatika. Iwe na namba yako, ya baba, ya ofisini, ya jirani, ya bodaboda mnayemuamini na dereva bajaji mwenye uwezo wa kuja usiku, jina la kituo cha afya cha karibu. Chini yake bahasha yenye hela ya dharura, sisi tunaweka elfu ishirini, ikitumika inaandikwa imetumika nini na inarudishwa siku ya mshahara.

Na msimu wa mvua uwe na mpango wake kabisa. Kuanzia Machi mpaka Mei ni masika, Jangwani ikijaa maji barabara inafungwa, mabasi yanaishia njiani, na wewe uliyesema utafika saa moja unafika saa nne. Siku wingu likiwa zito asubuhi natuma meseji mbili kabla sijatoka, moja kwa mama wa genge, moja kwa mama mmoja ambaye mwanae anasoma deikea moja na wangu. Tuna makubaliano: kati yetu atakayekuwa karibu anawachukua wote wawili. Hatudaiani.

Hatua ya saba: mtoto akiumwa siku ya kazi

Ataumwa. Mwaka wa kwanza wa deikea ni mafua yasiyoisha. Sheria inakupa angalau siku 4 za malipo mtoto akiumwa, ila ni siku za mzunguko mzima wa likizo na zinachanganyika na misiba ya karibu, kwaiyo usizimalize kwa kikohozi.

Dada ajue vitu ambavyo havisubiri mama arudi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege, amelegea au haamki vizuri. Hapo ni bajaji, kituo cha afya, simu kwangu akiwa njiani. Homa nyingine anipigie kwanza, na tunaenda kupima malaria, hatubahatishi dawa duka la dawa. Kuharisha, pakiti za ORS na vidonge vya zinki viko kwenye kopo juu ya kabati na nimemuonesha dada kuchanganya kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kadi ya kliniki na kadi ya bima zikae sehemu moja ambayo kila mtu mzima wa nyumba anaijua. Tulishawahi kuzunguka na mtoto mwenye homa nusu saa tunatafuta kadi, ikaja kupatikana ndani ya Biblia ya bibi.

Hatua ya nane: baba apewe saa zake

Fupi tu hii. "Kusaidia" ni neno linalotuponza, maana anayesaidia anasubiri kuombwa, na kuomba nako ni kazi. Kwetu tumegawana saa. Asubuhi saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili watoto ni wa baba: kuamsha, kuogesha, chai, viatu. Mimi hata nikiwa nimesimama jikoni sijui soksi ziko wapi na sitaki kujua. Wiki mbili za kwanza walienda na soksi tofauti, hakuna aliyekufa. Homa ya usiku tunapokezana, na kliniki yeye ana zake mimi nina zangu, mwezi wa tisa wa mtoto chanjo ya surua alimpeleka yeye, akarudi ananisimulia kwamba alikuwa mwanaume peke yake kwenye benchi na kina mama walimpisha mbele. Sisi hawatupishi ila haya.

Kwa anayelea peke yake, hizo saa za baba mpe mtu mwingine, dada yako, mpangaji mwenzio, hata kwa kulipa. Ila zisiwe zako zote.

Hatua ya tisa: kichwa chako

Stresi yangu mimi inakaa pale kati ya kushuka kwenye gari na kufungua geti. Nikiingia moja kwa moja na hasira za ofisini na za foleni, wa kwanza kuzipata ni mtoto anayekimbia na mikono yenye ubuyu kuja kunishika sketi. Kwaiyo nikishuka kituoni nakaa dakika kumi kwenye benchi la muuza matunda, nakula tikiti la jero au sili chochote, sishiki simu. Nilikuwa naona kama nawaibia watoto zile dakika kumi, sasa ivi sioni hivyo tena.

Kitu kingine ni kulala. Mtoto akilala saa mbili tunashawishika tuanze maisha yetu saa mbili, nguo, simu, tamthilia, saa sita. Afu saa kumi na nusu alamu. Siku tatu mfululizo za hivyo mi naanza kumpigia mtu kelele kwa sababu ya kijiko. Jumapili mpaka Alhamisi nalala saa tatu na nusu, vyombo vikiwepo vipo.

Tofautisha uchovu na ugonjwa. Siku za kwanza baada ya kujifungua kulia lia bila sababu kunatokea kwa wengi na kunapita ndani ya wiki mbili. Kama umepita hapo na bado huna hamu ya chochote, hulali hata mtoto akilala, unajiona mzazi hovyo, au yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo inaitwa sonona na inatibika. Sema kliniki hapo hapo unapompeleka mtoto, au nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana, Mwananyamala, Temeke, na Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Usisubiri mtu akuambie "ukimuomba Mungu itaisha". Omba, na uende.

Hatua ya kumi: dakika kumi za Ijumaa

Ijumaa usiku watoto wakilala tunakaa mezani na lile daftari, mimi, baba watoto, na dada. Ndio, na dada. Tunapita wiki inayokuja siku kwa siku tunatafuta mashimo. Nani ana safari, deikea inafungwa lini, kliniki lini, mtungi wa gesi umebaki kiasi gani. Dada ndo anajua vitu ambavyo sisi hatujui, yeye ndo alituambia mdogo ameanza kufungua komeo la geti.

Ijumaa iliyopita tulipanga Disemba. Dada anaenda kwao likizo, tiketi ya kwenda na ya kurudi tunamkatia sasa hivi kabla nauli na siti hazijawa vita. Anaondoka tarehe 20. Mama mkwe anafika tarehe 18, na kwenye zile siku mbili za kupishana dada ndo mwalimu: atamuonesha bibi dawa ziko wapi, uji mzito kiasi gani, wimbo gani wa kumlaza mdogo, na komeo la geti linafungwaje kwa waya.